Pikapu ya dizeli ya kupanda Makete: 3L na 5L za zamani, D-4D, au mkonga wa 1HZ?

Pikapu nyingi za dizeli zinazofanya kazi Njombe, Makete na Mbeya zimenunuliwa Dar es Salaam. Zinakaguliwa hapa, zinapigwa stata hapa, na mnunuzi akiona imewaka mara moja anatoa hela. Nakuomba usiiamini hiyo mara moja. Joto la Dar linaficha magonjwa ya injini ya dizeli. Hata Julai, mwezi wetu wa baridi, alfajiri ya hapa huwa karibu nyuzi 18 au 19. Siku hiyohiyo, juu kwenye uwanda wa Kitulo huko Makete, umande unaweza kuwa umeganda kuwa barafu nyeupe kwenye majani, na gari lililolala nje ni chuma baridi kuanzia bampa hadi difu.

Watu wa viazi, wa mbao na wa parachichi wananiuliza swali lilelile kila msimu: nichukue Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L, nichukue Hilux mpya zaidi yenye injini ya D-4D, au nijikaze mpaka nifike kwenye Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ? Nimechagua Toyota kwa sababu spea zake unazipata mpaka vijijini. Mwenye Isuzu au Nissan naye asome tu, maana tofauti ninayoizungumzia haitokani na nembo. Inatokana na namna dizeli inavyoingia kwenye silinda.

Kinachotokea asubuhi ya baridi

Injini ya petroli ina cheche. Ya dizeli haina. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto, kisha dizeli inapuliziwa humo na kujiwasha yenyewe. Inahitaji joto la nyuzi 210 hivi ili ijiwashe, na injini nzima ikizunguka kwa kasi inayotakiwa inavuka hapo kwa mbali. Baridi ikija, hewa inaingia ikiwa haina joto la kuanzia, na kuta za silinda zinanyonya hata lile kidogo linalozalishwa. Oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inazungusha polepole, na injini ikizunguka polepole hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi kabla haijapata moto.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu, nalo ni kimo. Kitulo iko juu, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama robo tatu ya ule wa Dar. Silinda ileile inapata hewa pungufu ya kubana. Tabo, ile feni inayosukumia hewa ndani ya injini, haikusaidii hapa, kwa sababu husukumwa na moshi wa injini, na injini bado haijawaka. Kwa hiyo 3L isiyo na tabo na D-4D yenye tabo zinaanza asubuhi zikiwa na upungufu huohuo.

Watalii huenda Kitulo kuona maua wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili. Baridi ya Juni na Julai wanaachiwa madereva.

3L na 5L: maisha yake yako kwenye gloplagi

3L ina sentimita za ujazo 2,779 na 5L ina 2,986. Zote mbili zina chumba kidogo ndani ya silinda hedi. Dizeli hupuliziwa humo kwanza, inaanza kuwaka, kisha moto unatoka kwenda kusukuma pistoni. Zinabana hewa kwa uwiano wa 22 kwa 1. D-4D, kutegemea toleo, hubana kati ya 15 na 18 hivi. Ukisikia namba hizo unaweza kudhani kwamba ya zamani ndiyo itakayowaka kirahisi kwenye baridi, kwa kuwa inabana zaidi. Ukweli ni kinyume. Kile chumba kidogo kina kuta nyingi za chuma kwa hewa kidogo iliyomo, na chuma baridi kinainyang'anya ile hewa joto lake kabla dizeli haijafika. Ndiyo maana walioiunda waliweka gloplagi, zile plagi za kupasha moto, moja kwa kila silinda, ncha yake ikiwa imechomoza ndani ya chumba chenyewe. Kwenye injini hizi gloplagi ni sehemu ya namna ya kuwaka. Hazikuwekwa kwa ajili ya siku za dharura tu.

D-4D inapulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kwa presha kubwa sana, kwa matone madogo kama mvuke. Joto linalopotea ni dogo. Nayo ina gloplagi, lakini ikiwa na kompreshani nzuri (nguvu ya kubana hewa), nozeli nzuri (vile vipulizia dizeli) na betri nzuri, asubuhi ya nyuzi 5 mara nyingi inawaka hata kama plagi zimekufa. 3L yenye plagi zilizokufa, kwenye nyuzi 5 na kwenye kile kimo, itakutesa.

Hapa ndipo Dar inapodanganya. Kwenye joto letu 3L inawaka bila gloplagi. Utapiga stata sekunde chache zaidi, itakohoa, itawaka. Kwa hiyo plagi zinakufa mwaka huu, mwaka ujao rilei inang'olewa ikafanye kazi kwenye gari jingine, halafu waya unakatwa na kufungwa utepe mweusi. Mwenye gari hajui. Anakuuzia kwa moyo safi kabisa.

Kijana mmoja aliyeleta Hilux yake ikaguliwe kabla haijapanda Njombe aliuliza swali ambalo wengi wanalo: "Fundi, taa ya koili inawaka na kuzima vizuri, si ina maana plagi ni nzima?"

"Hapana kaka. Ile taa inafuata taima. Haijui kama plagi imeungua."

Tukafungua. Plagi nne zimeunganishwa na ukanda mmoja wa chuma, umeshikwa na nati ndogo juu ya kila plagi. Unatoa nati, unanyanyua ukanda wote, plagi zinabaki kila moja peke yake. Unachukua taa ya kupimia, unabana klipu yake kwenye chanya ya betri, na ncha unagusa kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani ni mzima. Isipowaka, plagi imekwisha. Ya kwanza ya kijana yule haikuwaka, ya pili iliwaka, ya tatu na ya nne kimya. Gari hilo lilikuwa linawaka vizuri kila asubuhi Dar kwa plagi moja.

Plagi zikiwa nzima bado hujamaliza. Rudisha ukanda, mwenzako afungue swichi, pima kama umeme unafika pale. Usipofika, ugonjwa uko kwenye rilei, taima au fyuza kubwa ya njia hiyo. Kazi yote hii haimalizi saa moja, na plagi za 3L zimejaa madukani Kariakoo upande wa Gerezani. Nunua nne pamoja. Kubadilisha moja na kuacha tatu za zamani kunakufanya uwe na injini inayowaka kwa kutetemeka, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mpaka silinda zilizochelewa zipate joto.

Kwa D-4D kazi hiyohiyo inahitaji uangalifu. Plagi zake ni ndefu na nyembamba, na zikishikwa na masizi zinaweza kukatikia ndani ya silinda hedi. Fundi anayezifungua injini ikiwa baridi, kwa nguvu, mzuie. Injini ipate moto kwanza, na azungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka ilegee. Nikisema ya zamani inategemea plagi zaidi, naongeza pia kwamba plagi zake ni rahisi zaidi kuhudumia, na jambo hili lina uzito kwa mtu ambaye gereji yake ya karibu ni mti na sanduku la spana.

Betri, ambayo watu wanaibania hela

Joto la Dar linaichosha betri na baridi ya Makete inaifichua. Betri ya maji na risasi inayofanya kazi kwenye joto letu inazeeka haraka ndani, lakini kwa kuwa injini yenye joto ni nyepesi kuzungusha, huoni dalili. Ipeleke kwenye nyuzi sifuri na itakupa kama theluthi mbili ya nguvu yake ya kupiga stata. Wakati huohuo injini inadai zaidi kwa sababu ya oili nzito. Betri iliyokuwa na nusu ya uhai hapa, kule haina kitu.

Hilux ya dizeli inastahili betri ya ukubwa wa N70. Utakuta nyingi zimefungwa N50 iliyo ndogo, kwa sababu ni nafuu na kwa Dar zinatosha. Kwa safari ya nyanda za juu usikubali. Ukinunua mpya, acha kuangalia ukubwa wa boksi tu, tafuta namba ya nguvu ya kuwashia kwenye baridi, inayoandikwa CCA. Namba hiyo hupimwa betri ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sekunde 30. Kubwa zaidi ni bora zaidi, kwa gari lolote kati ya haya. Kupima betri uliyonayo ni rahisi: iache ipumzike usiku kucha, asubuhi pima kabla hujafungua hata taa. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Mwenzako akipiga stata, ikishuka chini ya 9.6 hapa Dar kwenye joto, usipande nayo mlima. Kabla hujaitupa, angalia vichwa vya betri na waya wa hasi unaokwenda kwenye injini. Ile unga ya kijani na nyeupe inakula nguvu nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Sasa linganisha. 3L na 5L ni nzito kuzungusha kwa sababu zinabana sana, lakini hazina kompyuta ya kuridhisha. Betri ikishindwa, unatafuta mteremko, gia ya pili, watu wanasukuma, unaachia klachi, inawaka. Inachohitaji ni umeme kidogo wa kufungua vali ya dizeli kwenye pampu. (Kama injini imeandikwa 5L-E, hiyo E inaleta pampu ya umeme, kwa hiyo usiihesabu kwenye kundi hili.) D-4D ni nyepesi zaidi kwa stata, lakini kompyuta yake inataka volti zisishuke sana, na inataka presha ya dizeli kwenye reli, lile bomba la pamoja linalogawia nozeli zote, ifike kiwango fulani ndipo iruhusu nozeli zifunguke. Betri ikiwa dhaifu, unasikia stata inazunguka kabisa na injini haishiki. Wengi hapo wanaanza kulaumu nozeli. Jaribu betri nzuri kwanza. Kusukuma D-4D ambayo betri imekufa kabisa ni kupoteza nguvu za watu, na ya otomatiki hata usijaribu.

Kwa hiyo mwenye D-4D abebe waya mzuri wa kubusti, mnene, si ule mwembamba unaouzwa barabarani unaopata moto mkononi.

Dizeli, na ile tabia ya kuchanganya

Nchi zenye baridi ya kweli, dizeli yenyewe hubadilika na msimu. Ulaya kuna madaraja yake: ya kawaida yanafika mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri kabla ya kuziba filta, na ya kaskazini kabisa yanafika 44 chini ya sifuri. Dizeli ina nta ndani yake. Ikipoa sana nta inajitenga, inakuwa ute, filta inaziba. Kwetu hakuna dizeli ya msimu. Kwa baridi ya Njombe na Makete adui wa kawaida kwenye filta ni maji. Legeza kile kifungo cha chini ya filta, acha maji yatoke mpaka ije dizeli safi, fanya hivyo kabla ya kupanda. Na usilaze gari na tenki tupu, kwa sababu hewa ya tenki ikipoa usiku inaacha matone.

Kuna madereva wanaochanganya mafuta ya taa wakisikia neno baridi. 3L inaweza kuvumilia kosa hilo. D-4D haiwezi: pampu zote mbili zinalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo, lakini ya D-4D inafanya kazi kwa presha kubwa zaidi sana. Chuma kikianza kusagika kwenye pampu kinakwenda kwenye reli na nozeli, na hapo unazungumzia gharama ya kubadilisha mfumo mzima. Hili ndilo eneo ambalo D-4D inapoteza wazi kwa yule ambaye mara nyingine ananunua dizeli ya kwenye madumu.

Na la hatari zaidi: kitambaa chenye petroli mdomoni mwa eya klina, au ile dawa ya kopo ya kuwashia. Gloplagi zikiwa za moto, mvuke huo unalipuka kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi zinavunjika, wakati mwingine pistoni yenyewe. Injini zinazoitwa "imezoea dawa" zimeshaharibika kompreshani, na kila kopo linazidisha. Sipendi pia jiko la mkaa chini ya injini. Chini ya pikapu kuna mipira, nyaya, na mara nyingi oili inayovuja.

Maji na thamostati

Hapa gari lililoishi Dar linahitaji matengenezo bila kujali ni lipi umechagua. Maji ya bomba kwenye rejeta yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na kitu kinachopasuka kwanza si lazima kiwe cha bei ndogo. Usiku mmoja wa baridi ya Makete huenda usigandishe maji yote ya injini, lakini mimi siwezi kumshauri mtu aweke rehani silinda bloku. Weka kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia maji kuganda. Nusu kwa nusu na maji safi inakulinda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, zaidi ya utakavyohitaji popote Tanzania, na inazuia kutu pia.

Thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ndiyo inayoniuma. Gari likichemka kidogo kwenye foleni ya Dar, fundi anaing'oa na kuitupa. Hapa unaona kama umepona. Kule juu injini haipati joto hata baada ya saa nzima ya mwendo: sindano imelala chini, dizeli inakwenda, moshi hauishi, na hita ya ndani inapuliza hewa baridi usoni. Dizeli isiyoungua vizuri inaosha oili kwenye kuta za silinda, na injini inazeeka kabla ya siku zake. Rudisha thamostati, ni kifaa kidogo, na litibu lile tatizo la kuchemka pale lilipo, iwe rejeta iliyoziba, feni au pampu ya maji. Kwenye Hilux za zamani ukaguzi huu ni wa lazima kabisa kwa sababu nyingi zimeshapitia mikono ya namna hiyo.

Oili nitaisema kwa ufupi. 40 ya daraja moja, iliyozoeleka kwenye 3L za zamani, iache Dar. 15W-40 ya dizeli inatosha kwa injini zote hizi kwenye baridi yetu. D-4D mpya fuata kitabu chake, nyingi zinataka 5W-30.

Barabarani

Ikishawaka, usiikanyage kusafisha koo. Subiri taa ya oili izime, ipe nusu dakika mpaka dakika moja, ondoka taratibu, chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika, mpaka sindano ya joto ianze kupanda. Kwa D-4D hili ni la lazima, tabo yake inazunguka kwa kasi kubwa na inategemea oili ambayo bado nzito. Kuiacha inaunguruma nusu saa pale pale hakusaidii. Dizeli isiyobeba mzigo haizalishi joto la kutosha.

Kwenye mlima ndipo D-4D inapojilipia. Injini isiyo na tabo inapoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo 3L iliyobeba viazi huko juu imeacha karibu robo ya nguvu yake njiani, nayo haikuwa na nguvu nyingi toka mwanzo. Mlima Kitonga ukiwa nyuma ya malori utaliona hilo vizuri. Tabo ya D-4D inarudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Kuteremka, 3L inazuiliwa na gia, weka ndogo mapema, injini ikusaidie kushika gari.

Ukirudi mtupu na mvua imenyesha, barabara za udongo za vijijini zinateleza, na pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Hilux nyingi za zamani zinataka ushuke ukazungushe habu za mbele kwa mkono ndipo 4x4 ifanye kazi. Zizungushe kabla ya matope, ukiwa bado umesimama pakavu. Za D-4D nyingi unaingiza ukiwa ndani. Na kioo kikifunga ukungu, mwenye kiyoyozi kizima awashe pamoja na hita, kiyoyozi kinakausha hewa. Wa gari la zamani asiye nacho afungue dirisha kidogo, avumilie.

Na mkonga?

Watu wanadhani 1HZ ni dawa ya baridi. Ni injini ninayoiheshimu sana: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, imara, rahisi kurekebisha. Lakini nayo ina kile chumba kidogo, inabana 22.4 kwa 1, na inategemea gloplagi zake sita kama 3L inavyotegemea nne. Plagi zikifa inagoma vilevile, na inataka betri kubwa zaidi kuizungusha. Mkonga unaununua kwa sababu ya mzigo, matope na umri mrefu, na unalipia dizeli yake. Ukinunua kwa ajili ya kuwaka asubuhi tu, umelipa pesa nyingi kwa kitu ambacho seti ya plagi ingekupa.

Utaona pia mtandaoni vifaa vya wenzetu wa Kanada na Alaska: hita za umeme zinazofungwa kwenye bloku na kuchomekwa usiku kucha, blanketi za betri, dawa za kuzuia nta. Fairbanks, mji wa Alaska, kuna maegesho yenye soketi za umeme kwa kazi hiyo, na wanaishi na nyuzi 40 chini ya sifuri. Sisi hatuna baridi hiyo. Hela hiyo iweke kwenye betri, plagi na thamostati.

Nani achukue ipi

Unayehamia huko, shamba liko mbali na mji, dizeli wakati mwingine ni ya dumu, fundi wako ni wa kijijini: chukua 5L yenye pampu ya kawaida, na ukiikosa, 3L. Ifungie gloplagi nne mpya, N70, thamostati na kulanti kabla haijaondoka Dar, na beba seti moja ya plagi ya akiba. Kasi hutapata.

Mfanyabiashara wa Dar na Njombe, unayepanda, unapakia na kushuka kilomita zaidi ya 600 kila upande, unajaza vituo vikubwa vya barabarani: D-4D, bila wasiwasi. Itawaka kirahisi zaidi alfajiri na haitakuchosha sana mlimani, mradi nozeli ziwe zimepimwa. Muulize fundi mwenye mashine apime dizeli inayorudi kutoka kwenye kila nozeli. Ikirudi nyingi kupita kiasi kwenye mojawapo, presha haitajengeka asubuhi ya baridi hata kama Dar haijawahi kugoma.

Mwenye bajeti iliyokaa katikati, ambaye anaona D-4D iliyochoka kwa bei ya 5L nzima, achukue 5L. D-4D iliyochoka ndiyo mbaya kuliko zote kwenye baridi, kwa kuwa kompreshani ikishuka kutoka kwenye uwiano ambao tayari ni mdogo, hakuna plagi itakayoiokoa.

Kwa yoyote utakayochagua, mwambie muuzaji unakuja saa kumi na mbili alfajiri na gari lisiwe limewashwa. Ukifika weka kiganja kwenye bloku kabla ya salamu ya pili. Likiwa la moto, ahirisha mpaka kesho. Likiwa baridi, simama nyuma kwenye sailensa na umwache mwenzako apige stata: hesabu sekunde, tazama rangi ya moshi, sikiliza kama silinda zote zimeshika pamoja. Moshi mweupe unaodumu kwenye joto la Dar ni taarifa ya bure kuhusu utakachokutana nacho Makete, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.